Namna ya Kudai kwa Pamoja: Kutoka Kikao cha Kijiji hadi Bajeti ya Wilaya

Hapa Uganda, wodi ya wazazi katika kituo cha afya cha gombolola (eneo la utawala lililo chini ya wilaya) haina mkunga usiku. Kila mtu anajua. Mama aliyejifungulia njiani anajua, mwenye boda boda aliyembeba anajua, diwani anajua, na mlinzi wa lango ndiye anayewaambia watu warudi asubuhi. Miaka inapita na mkunga haji, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayana tarehe, hayana ofisi iliyoyapokea, wala hayana mtu wa kuulizwa kesho yake.

Hapa tunaeleza namna ya kuyafanya malalamiko hayo yawe dai la watu wengi, lifike mahali panapohusika kwa wakati wake, na lifuatwe mpaka lijibiwe. Tutakwenda na mfano wa mkunga mwanzo hadi mwisho. Kama shida yenu ni kisima, kalvati, ushuru wa soko au ardhi ya malisho, badilisheni jina tu.

Dai liwe jembamba

"Tunataka huduma bora za afya" si dai. Kila afisa atakubaliana nalo, atawashukuru kwa kuja, na mtarudi nyumbani mikono mitupu. "Tunataka wakunga wawili wapangiwe zamu ya usiku katika kituo chetu cha afya III kabla ya tarehe 30 Septemba" ni dai, maana jibu lake ni ndiyo au hapana. Andikeni nini, ngapi, wapi na lini. Dai lisipoenea katika sentensi moja, mna madai mawili. Chagueni moja, la pili lisubiri.

Wakulima wa pamba na kahawa wa Buganda walilijua hili miaka ya 1940. Chama chao, Uganda African Farmers Union cha Ignatius Musazi, pamoja na chama cha Bataka, havikuishia kusema kwamba watu wanaonewa. Vilitaja mambo yanayoshikika: mkulima aruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yake mwenyewe, na watu wachague wawakilishi wao badala ya kutawaliwa na machifu wa kuteuliwa. Baada ya ghasia za Aprili 1949 serikali ya kikoloni ilivipiga marufuku vyama vyote viwili. Dai halikufa navyo. Mwaka 1952, wakati wa Gavana Andrew Cohen, sheria ya ushirika ya 1946 ilirekebishwa, vyama vya wakulima vikapata nafasi ya kujiendesha na kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Miaka miwili baadaye, 1954, wakulima wa kahawa wa Mbale na milima ya Elgon walikuwa na Bugisu Cooperative Union yao. Dai lililotajwa kwa kipimo liliweza kuhama kutoka chama kimoja hadi kingine, na hata kuingia katika maandishi ya sheria.

Nani hasa anaweza kusema ndiyo?

Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea. Watu humwandama mbunge, naye mbunge haajiri mkunga. Humwandama mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye hana hata shajara ya zamu za kituo. Kabla ya kuandika barua yoyote, fuateni njia ya uamuzi hadi mwisho wake.

Kwa mkunga njia ni hii. Anayepanga zamu ni mkuu wa kituo. Anayehamisha watumishi wa afya ndani ya wilaya ni ofisi ya afisa wa afya wa wilaya, chini ya afisa mkuu wa utawala ambaye wote humwita CAO. Anayeajiri ni Tume ya Utumishi ya wilaya, nayo haiwezi kuajiri kama pesa ya mishahara haimo katika bajeti. Kwa hiyo dai moja lina milango mitatu, na gharama zake hazilingani. Kama wakunga wapo lakini hakuna anayepangiwa usiku, ni suala la shajara, linamalizika kwa kikao kimoja na mkuu wa kituo na kamati ya usimamizi ya kituo. Kama wapo wanne kituo jirani na kwenu hakuna, ni uhamisho, barua inakwenda kwa CAO. Kama wilaya nzima haina, ni bajeti, na hapo jiandaeni kwa mwaka mzima. Anzeni na mlango wa bei nafuu.

Mjue pia tofauti ya watu wa siasa na watu wa utumishi. Mwenyekiti wa LC3 (gombolola) na wa LC5 (wilaya) na madiwani wao hupitisha bajeti na kuuliza maswali. CAO na maafisa wake hutekeleza. RDC anamwakilisha Rais wilayani, ana sauti kubwa lakini hana fungu la mishahara ya wakunga. Barua ya dai iende kwa mwenye uwezo wa kutekeleza, na nakala kwa wale wanaoweza kumuuliza mbona hajatekeleza.

Daftari la wiki nne

Msiende ofisini na hasira peke yake. Nunueni daftari gumu la kurasa 96, mpeni mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, na kwa usiku 28 mfululizo aandike: tarehe, saa, nani alikuja (mama mjamzito, mtoto mwenye homa), alikuta nini, alielekezwa wapi. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Mwaka wa kuzaliwa na kijiji vinatosha. VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea wa kila kijiji, wanajua nani alijifungulia nyumbani, waombeni wapitie hesabu hiyo pamoja nanyi. Mwisho wa wiki nne mtasema "usiku 23 kati ya 28 hapakuwa na mkunga", na hakuna afisa anayeweza kuijibu sentensi hiyo kwa kusema "tunalishughulikia".

Nusu ya pili ya ushahidi iko ofisini. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 imeweka muda: ofisi ina siku 21 za kujibu. Wilayani ombi linakwenda kwa CAO. Ombeni vitu vinavyohesabika: idadi ya nafasi za wakunga zilizoidhinishwa kwa kituo chenu, idadi iliyojazwa, shajara ya zamu ya miezi mitatu, na kiasi cha pesa kilichotumwa kituoni katika kila robo ya mwaka wa fedha uliopita. Ulizeni ada ya ombi kabla ya kufunga safari. Siku 21 zikipita kimya, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa ni kukataliwa, na mnaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu (Chief Magistrate) wa eneo. Wengi hukata tamaa siku ya 22, na maafisa wanalijua hilo.

Karatasi ya hesabu ina nguvu ambayo watu huidharau. Uchunguzi wa shule za msingi za Uganda kati ya 1991 na 1995 ulikuta kwamba, kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao; iliyobaki ilikuwa ikimezwa njiani wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye kiwango kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Hali kadhalika kituoni kwenu: ulizeni ubao wa matangazo uko wapi na kimebandikwa nini robo hii. Kama hakuna kitu, hilo ni jambo la kwanza la kuomba, na kwa kawaida ndilo rahisi kulipata.

Watu kumi wa kiini

Umati hauendeshi kazi. Tafuteni watu kati ya 7 na 12, na mjali wanatoka wapi kuliko wana elimu gani. Awemo mama aliyezalia kituoni hapo hivi karibuni, mwenye boda boda, mtu wa soko, mwalimu, mzee anayeheshimiwa, kijana, mtu mwenye ulemavu, na mtu wa kila imani iliyopo. Wawemo wafuasi wa zaidi ya chama kimoja cha siasa. Hili la mwisho msilichukulie kwa uzuri wa sura tu: siku mtakapoambiwa "hawa ni wapinzani", mwenye kadi ya chama tawala aliyekaa katikati yenu ndiye atakayejibu.

Lugha ya vikao iamuliwe mapema. Arua, Koboko, Bombo na mitaa ya mpakani Busia na Malaba, Kiswahili kinawakutanisha watu ambao vinginevyo wangehitaji wakalimani wawili. Lakini wapo akina mama wanaokielewa na hawako huru kukisemea mbele za watu. Tengeni dakika za mtu kusema kwa Kilugbara, Kakwa, Kisamia au Ateso, na mwingine afasiri. Kikao kinachoendeshwa kwa lugha ya waliosoma hutoa dai la waliosoma.

Pesa kidogo itahitajika: fotokopi, nauli ya kwenda makao ya wilaya, salio la simu. Changizeni wenyewe, hata shilingi 500 kwa kaya, mkatie kila anayetoa risiti na kubandika hesabu kila mwisho wa mwezi. Mweka hazina asiwe ndiye mwenyekiti. Kikundi kikitaka akaunti ya benki na kukaa muda mrefu, kijiandikishe kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola, na watia sahihi wawe watatu. Kwa dai moja la miezi sita si lazima. Tumeona vikundi vingi vikifia kwenye katiba na mihuri kabla havijaandika barua hata moja.

Kundi la WhatsApp lifunguliwe kwa taarifa tu, wanaotuma wawe wawili. Lisiwe mahali pa kuamua. Wenye simu za tochi ndio wengi, na maamuzi ya usiku wa manane huwaacha nje, kisha wao ndio wanaotakiwa kuja kusimama juani.

Kikao cha kijiji

Baraza la kijiji la LC1 ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, si mwenyekiti na kamati yake peke yao. Mwombeni mwenyekiti aitishe kikao cha baraza lenyewe. Azimio la baraza lina uzito ambao karatasi ya "sisi wananchi" haina, maana linaingia katika mfumo wa serikali za mitaa na linaweza kupandishwa muluka, gombolola hadi wilaya.

Chagueni siku isiyo ya soko wala ya ibada, saa kumi alasiri, chini ya kivuli, karibu na maji. Kikao kisizidi muda wa saa mbili. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: dakika 15 kusoma matokeo ya daftari, dakika 45 watu waseme, dakika 30 kuandika dai na kulisoma kwa sauti mara mbili, dakika 15 kupiga kura kwa mikono na kuhesabu, dakika 15 kugawana kazi kwa majina. Akina mama wakikaa nyuma na kunyamaza, simamisheni kikao mkawagawe watu katika vikundi vidogo vya wanawake, wanaume na vijana kwa robo saa, kisha kila kikundi kilete neno lake. Kwa shida ya wodi ya wazazi, wanaume wakiongea peke yao mtapata dai la rangi ya ukuta.

Kumbukumbu ziandikwe hapo hapo: tarehe, waliohudhuria na sahihi zao, azimio neno kwa neno, kura za ndiyo na hapana, sahihi ya mwenyekiti na katibu, muhuri wa LC1. Pigeni picha kila ukurasa kabla daftari halijaondoka mahali pale. Daftari la kijiji lina tabia ya kupotea wiki ambayo linatafutwa.

Kama mwenyekiti anakataa kuitisha kikao, mwandikieni barua na mpate sahihi ya kupokelewa, kisha nakala kwa mwenyekiti wa LC2 (muluka) na chifu wa gombolola. Kwa kawaida nakala ndiyo inayomwamsha.

Sahihi

Waraka wa madai usizidi ukurasa mmoja. Juu, unakwenda kwa nani. Kisha hali ilivyo, mistari mitano, na namba za daftari. Kisha dai. Kisha tarehe mnayosubiri jibu, na anwani ya kujibu. Viambatisho ni azimio la baraza na muhtasari wa wiki nne.

Kila karatasi ya sahihi iwe na dai lenyewe limeandikwa juu, mistari 20, na safu za jina, kijiji, sahihi au dole gumba, na tarehe. Karatasi isiyo na dai juu yake ni hatari: mtu anaweza kuing'oa na kuibandika kwenye jambo jingine, na mjumbe akiulizwa "mlijua mnatia sahihi nini?" hana la kujibu. Msiwatie sahihi watoto. Msimtilie mtu sahihi kwa niaba yake, hata mume kwa mke. Mkiandika majina kumi ya uongo kati ya mia nne, afisa ataonyesha hayo kumi. Anayekusanya asome dai kwa sauti mlango kwa mlango. Mia tatu wanaoweza kulieleza wenyewe wanawazidi elfu moja waliotia sahihi wakipita.

Tengenezeni nakala nne. Moja ya mpokeaji, moja ya diwani, moja ya kikundi, na moja inabaki nyumbani kwa mtu asiye katika uongozi. Mpeleke watu watano, si hamsini, na msiondoke bila muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe juu ya nakala yenu. Karani akisema mwenye muhuri hayupo, ketini mngoje.

Mkifika hatua ya Bunge, waraka hupelekwa kupitia mbunge, ukiandikwa kwa Spika. Bunge linafanya kazi zake kwa Kiingereza, hivyo tafsiri iambatane, na aliyetafsiri aweke jina lake.

Kalenda ambayo haiwasubiri

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mwezi Septemba ofisi zinaanza kuandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Mikutano ya bajeti ya gombolola na wilaya hufanyika hasa Oktoba na Novemba. Baraza la wilaya linatakiwa kuwa limepitisha bajeti ifikapo Mei 31. Anayekuja na dai la pesa mwezi Juni, siku hotuba ya bajeti inasomwa na kila mtu anaongea bajeti, amechelewa kwa miezi minane.

Basi hesabuni kurudi nyuma. Daftari la wiki nne Julai. Ombi la habari Julai hiyo hiyo, jibu katikati ya Agosti. Kikao cha kijiji mwisho wa Agosti, sahihi Septemba, waraka umefika kwa CAO na kwa madiwani kabla ya Oktoba. Siku ya mkutano wa bajeti wa gombolola, watu 15 wenu wawe ukumbini saa ya kufungua, na mmoja awe amepangwa kusoma dai kwa dakika mbili. Kisha, mnapopata rasimu ya bajeti, tafuteni mstari wenyewe wa mishahara ya afya, si hotuba. Ahadi ambayo haina mstari haina pesa.

Kuanzia 2009 kuna pia mikutano iitwayo Baraza, mikutano ambayo ofisi ya Waziri Mkuu iliianzisha ili maafisa wawaeleze wananchi pesa zilivyotumika. Baraza la namna hiyo likija gombololani kwenu, mpange maswali matatu na watu watatu wa kuyauliza. Watu wakiinuka ovyo, afisa hujibu lile jepesi na muda unakwisha.

Mkutano wa hadhara na maandamano

Ibara ya 29 ya Katiba inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na haki ya kuwasilisha madai. Sheria ya Usimamizi wa Mikutano ya Hadhara ya mwaka 2013 ilitaka mwandaaji awape polisi taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 15 kabla, yenye jina na mawasiliano yake, mahali, idhini ya mwenye uwanja, idadi ya watu na madhumuni, na shughuli iwe kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilibatilisha mamlaka ya polisi ya kuzuia mikutano yaliyokuwa ndani ya sheria hiyo. Pamoja na hayo, pelekeni taarifa, na mpate muhuri. Kituoni askari wa zamu hatabishana nanyi kuhusu hukumu, ataomba karatasi. Taarifa ni kuarifu tu, wala si kuomba ruhusa, na iandikwe kwa maneno hayo. Vikao vya wanachama wa kikundi kwa shughuli zao za kijamii, kidini au kibiashara haviingii katika hesabu ya mikutano ya hadhara, ndiyo maana kazi nyingi zinaweza kufanyika bila kumwarifu askari yeyote.

Tusiwadanganye: maandamano ni silaha ghali. Wekeni msimamizi mmoja kwa kila watu 20, mwenye kitambaa cha rangi mkononi na namba ya simu ya mwenzake wa mbele na wa nyuma. Njia ipitwe na watu wawili siku iliyotangulia: wapi pana mawe, wapi pana wahuni, wapi mtu anaweza kutoka. Kila mmoja aandike namba ya wakili au ya mtu aliyebaki nyumbani juu ya mkono kwa kalamu, kwani simu hunyang'anywa kwanza. Aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48, na dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Watu wawili wasiandamane kabisa, wabaki na orodha ya majina wakihesabu waliorudi.

Msitu wa Mabira unafundisha pande zote mbili. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi takriban hekta 7,100 za msitu ule, karibu robo yake. Ujumbe ukapita kwa simu: msinunue sukari ya Lugazi. Kususia kuliwezekana kwa sababu dukani palikuwa na sukari ya Kakira na ya Kinyara pembeni yake; mama hakulazimika kunywa chai chungu ili aunge mkono msitu. Kabaka, mfalme wa Buganda, na Kanisa walijitokeza kusema ardhi mbadala ipo, na hoja ya "maendeleo au miti" ikapungua nguvu. Lakini Aprili 12 maandamano ya Kampala yalipoteza mwelekeo. Watu walikufa, akiwemo mpita njia mwenye asili ya Kihindi aliyeuawa na umati. Msitu ulikuwa na watetezi katika kila kabila na kila dini, na siku ile moja nusura iwafukuze wote. Mpango uliwekwa kando baadaye mwaka huo, ukaibuka tena 2011, na watetezi wakalazimika kurudi kazini.

Mkitaka kususia kitu, basi, ulizeni kwanza kama kuna mbadala wa bei ile ile, na kama mnaweza kuwashawishi watu bila kuwatisha. Mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika, ulioongozwa na Uganda National Movement ya Augustine Kamya huko Buganda mwaka 1959, uliingiwa na vitisho dhidi ya walionunua, na serikali ikapata sababu ya kuupiga marufuku umoja huo. Mtu akiogopa kununua, mmemwongeza katika orodha ya wanaosubiri mshindwe.

Mahakama

Ibara ya 50 inamruhusu mtu au kikundi kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inasema kesi za namna hiyo zisitupwe kwa kasoro za kiutaratibu tu. Mlango uko wazi, ila una urefu wake.

Mwaka 2011 CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya, pamoja na familia za wanawake wawili waliofariki wakijifungua, mmoja Mityana na mwingine hospitali ya rufaa ya Arua, walifungua kesi katika Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 ikatupwa kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya kisiasa. Walikata rufaa, Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru isikilizwe. Hukumu ya Agosti 2020 ikasema serikali ilikiuka haki za akina mama kwa kutotoa huduma ya msingi ya uzazi. Miaka tisa. MIFUMI, shirika la haki za wanawake la Tororo, nao walipoteza katika Mahakama ya Katiba mwaka 2010 kesi yao dhidi ya mahari, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaona kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kesi haiwezi kuwaletea mkunga wa mwezi ujao. Inaweza kuwapa wanakijiji wa wilaya nyingine sentensi ya kuweka katika waraka wao, kwa hiyo nanyi itajeni hukumu ya 2020 katika wenu.

Fuateni mpaka wino ukauke

Tume ya Jaji Odoki, iliyoundwa kwa sheria ya 1988 kukusanya maoni ya Katiba mpya, ilipokea maandishi zaidi ya 25,000 kutoka kwa wananchi. Vikundi vya wanawake, kikiwemo ACFODE kilichoanzishwa 1985, vilizunguka vijijini kuwasaidia wanawake kusema wanachotaka, na wajumbe wanawake katika Bunge la Katiba wakashikamana bila kujali upande wa siasa. Waliondoka na ibara ya 33, ya haki za wanawake, na theluthi moja ya viti vya mabaraza ya mitaa. Ushindi mkubwa.

Mwaka 1998 wengi wao wakapigania kifungu cha umiliki wa pamoja wa ardhi kati ya mume na mke. Mbunge Miria Matembe na wenzake walisema kilipitishwa bungeni. Sheria ya Ardhi ilipochapishwa, kifungu hakimo. Ilibidi wangoje marekebisho ya 2004 ili mke apate walau ulinzi wa kukaa katika ardhi ya familia na wa kutoa ridhaa kabla haijauzwa, na umiliki wa pamoja wenyewe hawakuupata.

Kwa mkunga wenu maana yake ni hii. Diwani akiwapigia simu kuwaambia "limepita", ombeni kumbukumbu za kikao. Zikija, ombeni ukurasa wa bajeti. Ukurasa ukiwepo, ombeni barua ya kupangiwa kazi. Barua ikiwepo, nendeni kituoni saa nne usiku mkaangalie.

Yanayovunja vikundi

Pesa ya usafiri ikitolewa kwa watu wawili na wengine wakasikia baadaye, mmekwisha. Kila bahasha itangazwe siku hiyo hiyo au irudishwe.

Mwanasiasa akija na fulana, gari na spika, mshukuruni, mpeni nakala ya waraka, na mwombeni aseme hadharani kama anaunga mkono. Wapinzani wake wapewe nakala ile ile, kwa maneno yale yale. Asikabidhiwe kipaza sauti cha kikundi. Miezi ya kampeni wagombea wote hukubali kila kitu. Andikeni waliyosema, tarehe na mahali, waweke sahihi.

Mwenyekiti wa kikundi akiitwa peke yake ofisini, asiende peke yake. Waende watatu siku zote, na jioni hiyo waeleze waliyoambiwa. Wengi walioitwa "wamenunuliwa" hawakununuliwa; walikaa na afisa saa moja bila shahidi, wakashindwa kuthibitisha.

Mkunga mmoja akiletwa badala ya wawili, pokeeni na mwandike kwamba dai limetimizwa nusu. Msikatae nusu, wala msifunge faili. Daftari la usiku liendelee, safari hii mara mbili kwa mwezi bila kutangaza siku, na kikundi kikutane mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni, pesa za robo zinapokuwa zimeshafika, kukagua ubao wa matangazo na shajara ya zamu.